Mota ya baiskeli ya umeme imegoma baada ya mvua, ingawa skrini inawaka

MpelekaMikate (Tanga)

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba msaada wa mawazo kabla sijaingia gharama nyingine, kwa sababu nimekwisha kununua kifaa kimoja na hakikusaidia kitu.

Nina baiskeli ya umeme ya betri ya volti 48, mota yake ikiwa ndani ya habu (kitovu) ya gurudumu la nyuma. Huu ni mwaka wa pili ninaitumia kupeleka mikate kila alfajiri kutoka Ngamiani hadi Raskazone, na kwa kuwa mji wetu ni tambarare, haijawahi kunisumbua. Wiki mbili zilizopita tairi la nyuma lilipata pancha, nikalipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, akaziba, na safari zikaendelea. Alhamisi iliyopita mvua ya masika ilinikuta njiani. Nilipita kwenye dimbwi lililokaribia habu, na kama mita mia mbili mbele mota ikashtuka mara mbili, ikatetemeka, kisha ikanyamaza kabisa. Nilimalizia njia kwa pedeli nikiwa na kreti mbili za mikate nyuma.

Sasa hali iko hivi: nikibonyeza kitufe skrini inawaka, alama ya betri inaonyesha imejaa, taa ya mbele inawaka. Nikizungusha mkono wa mafuta (sisi tunaendelea kuuita hivyo ingawa mafuta hayapo) hakuna chochote kinachotokea, na nikikanyaga pedeli mota haisaidii. Baada ya muda mfupi skrini inatoa namba 30. Nilidhani mkono wa mafuta umeingia maji, nikanunua mpya na kuufunga, lakini hali haikubadilika hata kidogo. Gurudumu nikilisukuma kwa mkono linazunguka bila shida. Nianzie wapi?

MwendoWaKasi (Dodoma)

Mkuu, hiyo ni kontrola, lile boksi linalogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota. Maji yakiingia kwenye kontrola hakuna kingine cha kufanya isipokuwa kuibadilisha. Mimi yangu ilikuwa vivyo hivyo, nikabadilisha ikapona siku ile ile.

FundiWaya (Mombasa)

Ndugu MpelekaMikate, pole kwa usumbufu. Ndugu wa Dodoma huenda yuko sahihi, lakini dalili ulizozieleza zinaweza kutokana na mambo manne au matano tofauti, na kontrola ni moja tu kati ya hayo. Usinunue kitu kingine mpaka upate multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha, kwa kuwa tutapima volti za DC tu.

Kwanza ondoa wazo kwamba skrini ikiwaka basi baiskeli yote ina umeme. Skrini hulishwa na umeme wa betri wenyewe, unaopita tu ndani ya kontrola kwenda huko juu, na kwa baiskeli nyingi taa ya mbele ni hivyo hivyo. Vifaa vidogo vilivyobaki, yaani mkono wa mafuta, kihisi cha pedeli (kinachotambua kwamba unakanyaga) na vihisi vitatu vya Hall (vya kutambua sumaku) vilivyo ndani ya mota, havistahimili volti 48. Kontrola huvipikia umeme wake mdogo wa volti 5, na vyote hula sinia moja. Mara nyingi hata ubongo wa kontrola yenyewe hula kwenye sinia hilo hilo. Kifaa kimoja kikipiga shoti, kinakomba sinia lote na wenziwe wanalala na njaa, wakiwa wazima kabisa. Hiyo namba 30 kwenye skrini nyingi humaanisha kwamba skrini inaita na kontrola haijibu. Watengenezaji hawatumii namba zinazofanana, kwa hiyo tusiitegemee peke yake, lakini inanifanya niwe na shaka na sinia hilo.

Inua gurudumu la nyuma lining'inie, kisha upime kwa utaratibu huu. Anza na betri. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo ikijaa husoma karibu 54.6, na ikikaribia 40 huwa imekwisha. Ipime ikiwa imefungwa kwenye baiskeli na skrini imewashwa, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi na kuanguka mara tu inapopewa mzigo.

Kisha chomoa soketi ndogo za mikono ya breki. Ndani ya mikono hiyo mna swichi inayokata mota unapofunga breki, na ikigandia, kontrola itaamini siku nzima kwamba umefunga breki. Ukizichomoa mota ikafufuka, kazi yako imekwisha. Usisahau tu kwamba utakuwa unaendesha bila kinga hiyo.

Kuhusu gurudumu kuzunguka bila shida, naomba ulijaribu pia kinyumenyume. Transista za kontrola, yaani swichi zake za kielektroniki zinazolisha mota, zikiungua, gurudumu huwa zito na kukwamakwama, na ukichomoa nyaya tatu nene za mota huwa jepesi ghafla. Lakini mota zenye gia ndani zina friwili yake (kile kinachoacha gurudumu liende mbele bila kuiburuta mota) humo humo, kwa hiyo zikisukumwa kwenda mbele huwa nyepesi hata kama kontrola imeungua. Ukweli wake unaupata kwa kuzungusha nyuma.

Mwisho, na hapa ndipo ninapotaka jibu zaidi: fungua boksi la kontrola, tafuta soketi ya mkono wa mafuta yenye nyaya tatu, na bila kuichomoa ingiza ncha za multimita kwa nyuma ya soketi, moja kwenye waya mwekundu na nyingine kwenye mweusi. Tuambie unasoma ngapi. Kuwa mwangalifu ncha zisiteleze zikagusana na nyaya za betri, na usivae pete wala saa ya chuma unapofanya kazi hiyo.

MpelekaMikate (Tanga)

Ahsante sana bwana FundiWaya kwa maelezo yaliyonyooka. Nimeazima multimita kwa jirani anayetengeneza redio na nimepima yote jioni hii.

Betri inasoma 52.1 ikiwa imefungwa na skrini imewashwa, na haishuki. Soketi za breki nimezichomoa zote mbili, hakuna mabadiliko. Gurudumu nimelizungusha nyuma. Lina uzito kidogo lakini ni laini, halikwamikwami, na nikichomoa zile nyaya tatu nene sioni tofauti ya maana. Kwenye soketi ya mkono wa mafuta, kati ya mwekundu na mweusi, ninasoma 0.4. Nilidhani nimekosea mahali, nikarudia mara tatu, ni 0.4 ile ile. Nikafunga ule mkono wa zamani badala ya mpya, bado ni 0.4.

FundiWaya (Mombasa)

Umefanya kazi nzuri. Transista zako inaelekea ni nzima, betri ni nzima, na mkono wa zamani haujathibitishwa kuwa na kosa lolote. Pale panatakiwa pasome 5 au karibu yake. Ama kontrola haipiki tena, ama inapika na kuna anayekomba sinia. Namna ya kutofautisha ni rahisi na haigharimu kitu.

Acha multimita ikiwa pale pale kwenye mwekundu na mweusi. Zima skrini, chomoa kihisi cha pedeli, washa tena, soma. Zima, chomoa ile soketi ya nyaya nyembamba inayotoka kwenye mota (kwa kawaida ina nyaya tano: mwekundu, mweusi, njano, kijani na buluu), washa, soma. Huo waya mwekundu na mweusi ndio unaolisha vihisi vya Hall, na hizo rangi tatu ndizo zinazopeleka habari. Vihisi hivyo vimepewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 namna sumaku inavyosukuma umeme upande mmoja ndani ya kipande cha metali. Kazi yao humo ndani ni kuiambia kontrola sumaku za mota zimefika wapi, ili ijue ni waya gani kati ya zile tatu nene upewe umeme sasa.

Volti zikirudi baada ya kuchomoa kifaa fulani, huyo ndiye mkombaji. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa vyote, basi ndugu yetu wa Dodoma atakuwa amepatia na utatafuta kontrola.

MwendoWaKasi (Dodoma)

Nasubiri matokeo. Ila niseme kweli, mimi yangu sikuipima. Nilibadilisha tu.

MpelekaMikate (Tanga)

Nimerudi. Kihisi cha pedeli kilipochomolewa, ilibaki 0.4. Nilipochomoa ile soketi ya nyaya tano ya mota na kuwasha, multimita ikaruka hadi 5.0. Ile namba 30 haikutokea tena. Ilikuja namba nyingine. Nikirudisha soketi, volti zinaanguka papo hapo. Kwa hiyo shoti iko upande wa mota. Je, nifungue mota? Naona ubavuni ina skrubu nyingi za kuzunguka, na sijawahi kuifungua.

FundiWaya (Mombasa)

Usifungue bado. Kontrola yako inapika vizuri, na hilo ni jambo la kushukuru. Kabla ya kugusa skrubu hata moja, angalia pale waya unapoingia kwenye ekseli. Kwa mota za ndani ya habu ekseli haizunguki, imeshikwa na fremu, na waya hupita katikati ya ekseli iliyotobolewa. Hapo ndipo mahali panapoonewa kuliko pote kwenye baiskeli hizi: waya unapinda kwa ukali, unakaa jirani na nati, uko chini karibu na maji, na kila anayetoa gurudumu anauvuta. Umesema ulizibwa pancha wiki mbili kabla. Gurudumu lilitolewa, sivyo?

BajajiKimya (Dar es Salaam)

Naomba niingie hapa, kwa kuwa swali la mwisho la FundiWaya limenigusa. Ninaendesha bajaji ya umeme, na kabla ya hapo nilikuwa na baiskeli kama yako, ndugu MpelekaMikate. Angalia washa zenye sikio, yaani vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Kwenye ekseli ya mota ya habu kuna washa yenye kijisikio kinachoingia kwenye mwanya wa fremu, na kazi yake ni kuizuia ekseli isijizungushe. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe hutaka kugeuka nyuma kwa nguvu ile ile. Fundi wa pancha asiyezijua mota huiona ile washa kama washa nyingine yoyote, huirudisha sikio likitazama nje, au huitia mfukoni kwa kuwa anaona nati inakaza bila hiyo. Nati ikilegea kidogo, ekseli inageuka na kuusokota waya kama mtu anavyokamua nguo.

Simlaumu fundi wako, kwani hakuna aliyemweleza. Yangu ilisokotwa namna hiyo hiyo, lakini bahati yangu ilikuwa mbaya zaidi: waya mwekundu wa Hall uligusana na mmoja wa zile nene, umeme wa betri ukaingia kwenye volti 5, vihisi vikaungua na kontrola pamoja navyo.

MpelekaMikate (Tanga)

Ndugu zangu, mmeona mkiwa mbali kitu ambacho mimi nilikuwa ninakipita kila siku.

Nimetoa nati ya upande wa waya. Washa ipo, lakini sikio linatazama nje, kama alivyosema BajajiKimya, na mwanya wa fremu umekwaruzwa unang'aa mahali ambapo ekseli imekuwa ikijigeuza. Waya umesokotwa karibu robo mzunguko. Kama upana wa kidole kutoka mlango wa ekseli, ganda jeusi la nje limechanika, na chanika lenyewe linafanana na alama ya jino. Nikalifungua kwa wembe taratibu. Ndani kulikuwa na maji, na waya mwekundu mwembamba na ule mweusi vimebanwa pamoja mpaka plastiki zao zimekatika. Shaba imegeuka unga wa kijani. Nilipozitenganisha nyaya hizo kwa kijiti cha kiberiti, soketi ya mota ikiwa imechomekwa, multimita ilisoma 4.9. Sikuamini.

Nyaya tatu nene zina mikwaruzo ya juu juu lakini plastiki zao hazijafunguka.

Nimekata sehemu iliyooza kwenye mwekundu na mweusi, jirani yangu wa redio akaunga kwa risasi na kufunika kwa mipira ile inayosinyaa kwa moto. Nikarudisha kila kitu, washa nikaiweka sikio likiwa ndani ya mwanya. Namba 30 imeondoka. Lakini nikizungusha mkono wa mafuta, gurudumu linatetemeka kwenda na kurudi, linanguruma, haliendi. Nikilipa msukumo kwa mkono mara nyingine linaendelea kidogo kisha linagoma. Nimeacha hapo hapo nisije nikaunguza kitu.

FundiWaya (Mombasa)

Umefanya vyema kuacha. Mota inayotetemeka na kunguruma namna hiyo ni mota inayopata umeme lakini kontrola yake haijui gurudumu liko wapi. Ama mmoja wa zile nene haushiki vizuri kwenye soketi yake, kwa hiyo zikague kama zimechomekwa hadi mwisho na kama kuna uliobadilika rangi kwa joto, ama kihisi kimoja cha Hall hakisikiki. Kwa kuwa ulikuwa unachezea waya wa Hall, naweka shaka yangu huko.

Washa skrini, soketi zote zikiwa zimechomekwa. Ncha nyeusi ya multimita iwe kwenye waya mweusi wa ile soketi ya nyaya tano, nyekundu iwe kwenye njano. Zungusha gurudumu nyuma polepole kabisa kwa mkono, maana ukizungusha mbele friwili ya ndani itaiacha mota imesimama na hutaona kitu. Kila baada ya kipande kidogo cha mzunguko usomaji uruke kutoka 0 hadi karibu 5 na kurudi. Kisha kijani, kisha buluu. Mmoja ukikaa 0 daima, huenda umegusana na mweusi. Ukikaa 5 daima, basi waya huo umekatika kabla ya kufika kwenye kihisi, au kihisi chenyewe kimekufa, kwa sababu ni kontrola inayousimamisha waya huo kwenye 5 na kazi ya kihisi ni kuuvuta chini tu.

MpelekaMikate (Tanga)

Njano unaruka. Buluu unaruka. Kijani umekaa 4.9 hata nizungushe mara ngapi.

Nikakumbuka maneno yako kwamba waya unaweza kuwa umekatika. Nikafungua tena pale penye kidonda. Kijani kwa macho ni mzima kabisa, plastiki yake haina mkwaruzo. Lakini jirani yangu akaubana kwa kucha zake mbili na kuuvuta kidogo, plastiki ikanyooka kama mpira wa manati, na hapo akajua kwamba ndani hamna shaba iliyoshikana. Tukakata, na kweli shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lisilo na alama yoyote. Tukaunga.

Kijani sasa unaruka. Nikazungusha mkono wa mafuta kwa uoga, gurudumu likaondoka taratibu bila kelele, likashika kasi yake ile ya zamani. Nilikaa nikalitazama linavyozunguka hewani kama mtoto. Mkono wa zamani wa mafuta ndio uliofungwa. Kati ya waya wake wa habari na mweusi unasoma 0.9 ukiwa umeachiwa na 3.6 ukizungushwa hadi mwisho.

FundiWaya (Mombasa)

Hongera sana, na mpe jirani yako salamu zangu, kwani jicho la fundi redio limekufaa. Hizo 0.9 na 3.6 ni za mkono mzima.

Mambo matatu kabla hujapakia mikate. Hakikisha viungo ulivyounga havikai mkabala ndani ya ganda. Vipishane, huyu hapa, mwenziwe sentimita moja mbele, ili hata mpira ukichubuka visigusane. Funika zile nyaya nene tatu nazo kwa mpira au utepe wa umeme, kwa sababu mikwaruzo uliyoitaja ndiyo mwanzo wa yaliyompata BajajiKimya. Pia unapoufunga waya kwenye fremu, usiuvute ukanyooka kuingia kwenye ekseli. Uache ulegee, ushuke chini kidogo kuliko ekseli kama tumbo la kamba ya nguo, kisha upande kuingia. Maji yanayofuata waya yatadondoka pale chini badala ya kuingia ndani ya mota. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, na shaba ikishapata unyevu wa chumvi haikawii kuwa unga wa kijani kama ulioukuta.

Kwa sehemu ulipounga, ichukulie kuwa ni ya muda. Pana pinda sana pale na risasi haipendi kupindwa. Ukipata nafasi ya kuisimamisha baiskeli siku mbili, ifunguliwe mota na upitishwe waya mpya mzima kutoka ndani.

BajajiKimya (Dar es Salaam)

Mimi naongeza moja tu. Baada ya siku mbili tatu za kazi, kaza nati tena. Washa ikishakaa sawasawa kwenye mwanya nati hulegea kidogo, na watu wengi hawarudii. Nilipaka alama ya rangi kwenye nati na fremu kwa mstari mmoja. Nikiona mstari umepishana, najua kabla ya waya kujua.

MwendoWaKasi (Dodoma)

Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Ile kontrola yangu ya zamani bado iko stoo, nitaifunga tena kwa majaribio na kupima hizo volti 5. Kama inapika, nitarudi hapa kukiri.

MpelekaMikate (Tanga)

Nimeongeza mpira kwenye nyaya nene, waya nimeulegeza, na alama ya rangi nimepaka kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ambaye bado hajajua. Leo nimekwenda Raskazone na kurudi na kreti mbili, baiskeli haikunisumbua. Njiani nilipita kwa yule fundi wa pancha nikamwonyesha ile washa na upande wa sikio. Akaitazama, akaniambia kuna baiskeli nyingine mbili za aina hiyo alizoziziba mwezi huu, na wenyewe anawajua wanapokaa, kwa hiyo kesho tutawapitia.

Mkono mpya wa mafuta ninao, umefungwa siku chache tu, una nyaya tatu na soketi nyeupe. Kama kuna aliye Tanga na amepima wake akakuta kwamba kweli umekufa, aniandikie.